Kitabu kitoke chumba kimoja na chanjo: barua ya wazi kwa wasimamizi wa afya ya watoto Texas

Waheshimiwa mnaosimamia Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na CHIP (bima ya watoto ambao kipato cha wazazi wao kinazidi kidogo kiwango cha Medicaid) katika jimbo la Texas, wakurugenzi wa kliniki za jamii, na madaktari wakuu wa kliniki za watoto mjini Houston,

Salaam. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, na nafanya kazi katika kliniki ya watoto kusini magharibi mwa Houston. Ninaowapima uzito na kuwadunga sindano za chanjo wengi wao ni watoto wa wazazi waliotoka Honduras, El Salvador, Guatemala na Mexico. Baba anaezeka mapaa au anakata majani kwenye bustani za watu, mama anasafisha ofisi usiku. Wapo pia Wakongo na Warundi waliopitia kambi ya Nyarugusu, kwa hiyo zipo siku ninaanza kazi kwa Kihispania changu cha kujifunzia kazini na kumaliza kwa Kiswahili cha nyumbani. Barua hii mtaipata kwa Kiingereza na kwa Kihispania. Nimeiandika kwanza kwa Kiswahili kwa sababu ninachowaomba kinahusu lugha ya mama, nikaona si haki kukiomba kwa lugha ya kuazima. Nataka pia wauguzi wenzangu wa Kiafrika, ambao Texas hii tumejaa hospitali na kliniki zake, waisome na waipeleke kwa wakubwa wao.

Ombi langu ni hili. Kila mtoto wa familia ya kipato kidogo anayeletwa kliniki kuanzia miezi 6 hadi miaka 5 atoke na kitabu kipya kilicho katika lugha inayosemwa kwao, alichokabidhiwa na daktari mwenyewe, na mzazi wake awe ameonyeshwa pale pale namna ya kukitumia. Na fedha za kitabu hicho zitoke katika bajeti ya afya ya mtoto, zisiombwe kwa wasamaria.

Niwapeleke kwanza ndani ya chumba cha uchunguzi, maana baadhi yenu hamjaingia humo siku nyingi.

Mtoto wa miezi 9 amekaa mapajani kwa mama yake. Daktari anayeijua kazi hii haanzi na kifaa cha kusikiliza moyo. Anaanza na kitabu, kile cha kadibodi nene chenye kurasa chache na picha kubwa za nyuso za watoto. Anakinyoosha mbele ya mtoto, kisha anakaa kimya anatazama. Je, anaifuata picha kwa macho? Ananyoosha mikono yote miwili au mmoja tu? Anakihamisha kutoka mkono huu kwenda ule? Anamgeukia mama kumwonyesha alichopata? Kwa nusu dakika daktari ameshaona macho, misuli, vidole na uhusiano wa mtoto na mzazi wake, na mtoto hajalia. Kisha mtoto anakitia kitabu mdomoni. Mama anashtuka, anakinyang'anya, anatuangalia kwa aibu kama mtu aliyevunja kikombe cha wenyeji. Daktari anamwambia, “Mwachie, mamá. Kwa umri wake ndivyo anavyosoma.” (Kwenye kliniki zetu kila mzazi wa kike anaitwa mamá, sawasawa na sisi tunavyomwita mama Fulani. Siku ya kwanza kulisikia neno hilo nilijiona nipo nyumbani.)

Akirudi ana miezi 12, daktari atatazama kama ananyoosha kidole kimoja kuonyesha picha. Kidole hicho ni jambo kubwa. Mtoto asiyekinyoosha kufikia miezi 18 anahitaji kuchunguzwa kwa makini, kwani hiyo ni mojawapo ya dalili za mapema za usonji. Akiwa na mwaka na nusu atafunua kurasa mbili tatu kwa pamoja na kutaja “perro” (mbwa) au “agua” (maji). Akiwa na miaka 2 ataunganisha maneno mawili. Mwenye miaka 3 atamsimulia daktari hadithi nzima isiyo na kichwa wala miguu, na daktari atapata kuyasikia matamshi yake. Kwa hiyo anayeniambia kwamba kitabu ni pambo la ziada, na kwamba kliniki ni mahali pa magonjwa, naona hajawahi kutazama kitabu kikifanya kazi. Hicho ni kifaa cha uchunguzi ambacho mgonjwa anaruhusiwa kwenda nacho nyumbani.

Sikubuni mimi jambo hili. Lilianza mwaka 1989 katika Boston City Hospital, ambapo madaktari wa watoto Barry Zuckerman na Robert Needlman, pamoja na walimu wa watoto wadogo, walianzisha mpango unaoitwa Reach Out and Read. Waliona kwamba mtoto wa maskini kabla ya kuanza shule hana mwalimu, na mara nyingi hana hata kadi ya maktaba, lakini daktari anaye. Ratiba ya kumleta mtoto kliniki kati ya miezi 6 na miaka 5 ina mahudhurio kumi: miezi 6, 9, 12, 15, 18, 24, 30, kisha miaka 3, 4 na 5. Mahudhurio kumi, vitabu kumi. Mpango huo leo umeenea nchi nzima, na chama cha madaktari wa watoto, American Academy of Pediatrics, mwaka 2014 kilitamka rasmi kwamba kuhimiza wazazi kuwasomea watoto tangu uchangani ni sehemu ya lazima ya huduma ya msingi ya mtoto. Mwaka 2024 kikalitoa upya tamko hilo. Hakuna daktari wa watoto anayeweza kusema hajaambiwa.

Na kuhusu familia za Kilatino hasa, yaani zenye asili ya Amerika ya Kilatini, jibu lipo tangu mwaka 1999. Watafiti wa Providence, Rhode Island, walizigawa kwa bahati nasibu familia zaidi ya 100 za Kilatino zenye kipato kidogo na watoto wachanga. Kundi moja lilipata kliniki ya kawaida. La pili lilipewa vitabu vya lugha mbili, Kihispania na Kiingereza, na karatasi ya maelezo ya lugha mbili, pamoja na maneno machache ya daktari juu ya kusoma na mtoto. Walipofuatiliwa baadaye, wazazi waliokuwa wakisoma na watoto wao angalau siku tatu kwa wiki walikuwa 66 kati ya kila 100 katika kundi lililopata vitabu, na 24 kati ya kila 100 katika kundi lisilopata. Naomba mkae na tarakimu hizo mbili kwa muda. Hakukuwa na darasa wala semina, wala mtu wa kugonga milango ya watu. Ni vitabu walivyoweza kuvisoma, kutoka kwa daktari wanayemwamini.

Miaka zaidi ya ishirini na mitano imepita tangu matokeo yale yachapishwe. Sasa nitawaambia ninachokiona mimi.

Naona sanduku la vitabu chini ya meza ya mapokezi, na ndani yake karibu vyote ni vya Kiingereza. Ni vya kuchangwa na watu wema wenye watoto waliokua. Baadhi vimechorwa kwa kalamu za rangi, kimoja kina jina la mtoto mwingine kwenye ukurasa wa kwanza. Nawashukuru waliovitoa. Lakini mama aliyesoma hadi darasa la nne huko Olancho, Honduras, nikimpa kitabu cha Kiingereza, nimempa ujumbe mwingine kabisa: kwamba kusoma ni kazi ya shule, kazi ya wenye Kiingereza, na yeye asubiri mwanawe afike chekechea akakutane na wenyewe. Anakipokea kwa heshima, anasema gracias, anakitia mkobani. Hatakifungua, na mimi ninajua hatakifungua, na bado ninaandika kwenye jalada kwamba kitabu kimetolewa. Jambo hilo linanikera kila mara ninapoliandika.

Kuna baya zaidi. Katika kliniki niliyofanya kazi zamani, nilikuwa chumbani wakati daktari alipomwambia mama mmoja kwamba mwanawe wa miaka 2 amechelewa kusema kwa sababu anachanganywa na lugha mbili, na kwamba nyumbani waache Kihispania. Mama yule Kiingereza chake kilikuwa cha kuulizia bei. Ina maana aliambiwa anyamaze. Alirudi baada ya miezi sita na mtoto aliyezidi kuwa kimya, na mama aliyezungumza naye kwa maneno matatu manne yale yale. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto. Mtoto anayechelewa kusema anahitaji kupimwa masikio na kupelekwa kwa mtaalamu wa matamshi, na anahitaji mama yake aseme naye zaidi, kwa lugha ambayo mama anaiweza kwa utani, kwa kubembeleza na kwa kugomba. Sikusema kitu siku ile kwa kuwa nilikuwa mgeni kazini. Barua hii ni sehemu ya deni langu kwake.

Mnapojadili watoto hawa kwenye mikutano yenu, mnaanza na alama za shule. Ni kweli, mtihani wa kitaifa wa kusoma wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika darasa la nne, watoto wa Kilatino waliofikia kiwango cha ustadi walikuwa 21 tu kati ya kila 100, na wa Kizungu 42. Karibu mtoto mmoja kati ya wanne nchini Marekani ni Mlatino, kwa hiyo hili si jambo la pembeni. Lakini kutoka kwenye tarakimu hizo watu huruka moja kwa moja hadi kusema kwamba wazazi hawajali, au hawazungumzi na watoto wao. Njooni mketi kwenye benchi letu la kusubiri. Mtasikia bibi akimtegea mjukuu adivinanza, na adivinanza ni vitendawili vile vile ambavyo sisi tunavianza kwa “kitendawili” na kuitikiwa “tega”. Mtasikia methali, mtasikia majina ya utani matatu kwa mtoto mmoja. Maneno yamejaa tele. Kinachokosekana ni kitabu kinachoyapokea maneno hayo, na mtu mwenye koti jeupe wa kumwambia mama kwamba hayo anayoyafanya tayari ni mwanzo wa kusoma.

Bibi yangu mzaa mama alisoma Kurani na aliandika barua zake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Karani wa sensa alimwandika kuwa hajui kusoma. Namkumbuka kila ninapomwona mzazi akitabasamu na kusukuma kitabu pembeni, akisema hakuenda shule. Wazazi wa namna hiyo wapo, na mpango wowote usiowafikiria utawapita. Kwao nimejifunza kutotumia neno “soma”. Nasema, “Mwelezee picha.” Nafungua ukurasa wenye kuku, namuuliza mama kwao kuku waliwafuga vipi, na mtoto anageuza shingo kusikia sauti ya mama yake ikibadilika. Kitabu cha picha tupu, kisicho na neno hata moja, kwa mama wa namna hiyo kina thamani kuliko kitabu chenye maandishi mazuri, na ningependa wanunuzi wenu walijue hilo kabla ya kuagiza.

Tena si kila anayetoka Guatemala ni msemaji wa Kihispania. Wapo wanaosema lugha za wenyeji wa asili, Mam, K'iche' na Q'anjob'al, na kutoka Oaxaca wasema Mixteco na Zapoteco. Kihispania kwao ni lugha ya pili, kama kilivyo kwangu cha tatu. Hao hupewa mkalimani wa Kihispania, huitikia “sí” (ndiyo) kwa kila swali, na sisi huandika kwamba wameelewa. Mzazi wa Kikongo anayesema Kibembe na kupewa mkalimani wa Kiswahili anaijua hali hiyo vizuri. Sidai vitabu vya Mam vijae kesho. Ninadai mzazi aulizwe anazungumza lugha gani na mtoto wake, jibu liandikwe kwenye jalada, na vitabu viagizwe kufuatana na majibu.

Hoja ninayoisikia sana kutoka kwa wakubwa ni muda. Daktari ana dakika kumi na tano, na ndani yake kuna chanjo, uzito, usingizi, meno, chakula na maswali ya huzuni ya mama baada ya kujifungua. Naielewa, nipo ndani ya dakika hizo. Lakini kitabu kinachotolewa mwanzoni mwa uchunguzi hakiongezi muda, kinafanya kazi ambayo daktari angeifanya kwa njia nyingine. Kinachokula muda ni kukitoa mwishoni, mlangoni, kama peremende ya mtoto aliyelia. Na panapopatikana mtu na chumba, yapo makubwa zaidi. Pale Bellevue Hospital, New York, daktari Alan Mendelsohn na wenzake walianzisha mradi ambao siku ya kliniki mzazi anarekodiwa kwa video dakika chache akicheza au akisoma na mtoto wake, kisha anaitazama hapo hapo pamoja na mshauri wa kliniki anayemwonyesha alichokifanya vizuri. Wengi wa mama walioshiriki walikuwa wahamiaji wa Kilatino. Huo una gharama, na sitaki muuchukue kabla ya kuweka la msingi. Nautaja ili mjue kwamba ninachoomba ndicho cha chini kabisa.

Nije kwenye fedha, maana najua barua nyingi za wauguzi zinafungwa hapo.

Tangu mwaka 1967 sheria ya Medicaid inazidai serikali za majimbo kuwapima watoto mara kwa mara, ukuaji wa akili na lugha ukiwemo, na kutibu kinachogunduliwa. Hapa Texas huduma hiyo mnaiita Texas Health Steps. Mnatulipa kwa kupima. Mnatulipa kwa kujaza dodoso la makuzi. Mtoto akionekana amebaki nyuma, mnalipia mtaalamu wa matamshi, na saa moja ya mtaalamu huyo inanunua vitabu vya kadibodi vya mtoto kwa miaka yote mitano na chenji inabaki. Upande wa CHIP, sheria inaruhusu jimbo kutumia sehemu ya fungu lake la uendeshaji kwa miradi ya afya ya watoto wenye kipato kidogo. Jirani zetu wa Oklahoma wameitumia ruhusa hiyo kugharimia mpango huu huu wa vitabu kliniki. Oklahoma ipo ng'ambo ya Mto Red. Mkurugenzi wenu anaweza kumpigia mwenzake simu asubuhi na kupata maelezo yote kabla ya chakula cha mchana.

Na kuna hofu, ambayo sitaificha kwa kuogopa kuudhi. Mwaka 2019 serikali kuu ilitangaza kanuni iliyowafanya wahamiaji waamini kwamba kumwandikisha mtoto Medicaid kungewaharibia makaratasi. Kanuni ile ilifutwa mwaka 2021, lakini wapo wazazi ambao hadi leo wananiuliza kwa sauti ya chini kama kweli imefutwa. Januari 2025 maagizo yaliyowazuia maafisa wa uhamiaji kuingia hospitalini, shuleni na makanisani yaliondolewa. Tangu hapo nimezoea kuona jina la mtoto kwenye orodha ya asubuhi na kiti chake kikiwa kitupu. Watoto hao ni raia, wamezaliwa hapa Houston. Texas imekuwa kwa miaka mingi ndilo jimbo lenye watoto wengi zaidi wasio na bima nchini, na sasa hata wenye bima hawaletwi. Siwezi kuwaahidi kwamba kitabu kitaishinda hofu hiyo. Ninachojua ni kwamba mama mmoja wa mtaa wa Gulfton hapa Houston aliyepotea miezi mingi alipiga simu kuuliza kama ile kliniki ya vitabu bado ipo, kwa sababu kaka mkubwa anacho na mdogo anadai chake. Alikuja. Mdogo alikuwa na upungufu wa damu na chanjo tatu zilizopitwa.

Kwa hiyo, waheshimiwa, ninayoyataka niyaseme bila kuzunguka. Jimbo litenge fungu la vitabu vya kliniki chini ya CHIP kama Oklahoma, na litangaze tarehe. Wakurugenzi wa kliniki waache kuhesabu kitabu cha Kiingereza kilichotolewa kwa nyumba ya Kihispania kuwa kazi iliyofanyika, na wanapoagiza waulize kwanza wanaokaa na wazazi, yaani wauguzi na wakalimani. Madaktari wakuu wawafundishe madaktari wapya kumpa mtoto kitabu kabla ya kumgusa, na mtu yeyote anayemwambia mzazi aache lugha yake nyumbani arekebishwe siku hiyo hiyo. Mkalimani awepo chumbani wakati kitabu kinatolewa, si kwa sindano tu. Na mahali pa kusubiri, palipo na televisheni inayopiga kelele kutwa nzima, awekwe mtu wa kuwasomea watoto. Bibi wa mtaani anayejua kusoma Kihispania anatosha, alipwe nauli na apewe kiti kizuri.

Nipo tayari kuja kwenu Austin, makao makuu ya jimbo, kwa gharama zangu siku yoyote nisiyo na zamu, pamoja na mkalimani wetu na akina mama wawili walioniambia wangependa kusema wenyewe.

Jumatatu ijayo nina watoto kumi na tisa kwenye orodha walio chini ya miaka 5. Kumi na sita kati yao kwao wanasema Kihispania, mmoja Mam, wawili Kiswahili. Ijumaa jioni nimelihesabu sanduku. Vya Kihispania vimebaki vinne.

Wenu katika kazi,
Muuguzi wa watoto, Houston